Pasipoti ya Leokadia Haikupotea

"Haijapotea, mzee! Kitu unajua kiko wapi, hicho hakijapotea!"

"Punguza sauti, mkwe, mtoto anasikia. Ni neno moja tu. Tukiandika kwamba imepotea, Jumatatu tunapewa hati ya dharura, Jumanne mwili wa mtoto wetu unasafiri, Ijumaa analala karibu na mama yake. Neno moja."

"Na nani atatia sahihi hilo neno?"

"Mimi ndiye mkubwa wa familia huku. Nitatia mimi."

"Basi tia sahihi pia ya kwamba wewe ndiye ulimpatia yule mtu, kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa zamu siku hiyo, sikuona, lakini mke wangu Leo aliniambia."

Hayo yalisemwa Alhamisi, tarehe 17 Aprili 2008, saa kumi alasiri, nyumbani kwa marehemu, Silver Spring, kati ya baba yake mdogo, Bwana Gregori Wambura, ambaye wengi wenu mnamfahamu kuwa dereva wa ubalozini, na mume wake, Bwana Isack Cheruiyot, na familia imekubaliana yasomwe hapa kama yalivyosemwa, kwa sababu historia ya marehemu ikianza na kuzaliwa kabla hamjajua kwa nini wafiwa wanagombana juu ya jeneza lake, mtasikia tarehe nyingi na mtatoka humu kanisani bila kujua ni nini kilichomuua.

Marehemu Leokadia Wambura alizaliwa tarehe 6 Mei 1981 huko Sirari, wilayani Tarime, mkoani Mara, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Tobias Wambura na marehemu Mama Bhoke, akabatizwa mwezi wa nane mwaka huohuo. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1989 hadi 1995, na walimu wake waliomfundisha wanasema hawakumjua kwanza kwa masomo, walimjua kwa sababu mwalimu mkuu alipokuwa na barua ya kupeleka ofisi ya kata, ng'ambo ya mto, alimtuma Leokadia baada ya kengele ya kipindi cha kwanza, na kipindi cha pili kilipoanza msichana alikuwa amekwisha kaa kwenye dawati lake, barua imefika, jibu liko mezani kwa mwalimu mkuu, na yeye anaomba kalamu.

Aliendelea na sekondari mjini Tarime kuanzia mwaka 1996 hadi 1999, akamaliza kidato cha nne. Mwaka 1998 alichaguliwa kwenda Mwanza kwenye mashindano ya shule za sekondari, akakimbia mita elfu tatu kwa viatu vya mwalimu wa michezo, vilivyokuwa vikubwa mno akavijaza magazeti kwenye ncha, akawa wa kwanza, na baba yake alipoambiwa aliuliza swali moja tu: viatu vya watu vimerudishwa? Vilikuwa vimerudishwa. Hiyo ndiyo nyumba aliyolelewa, nyumba ambayo kitu cha mtu hakilali kwako, na tunaomba mlikumbuke jambo hilo mpaka mwisho wa historia hii.

Mwaka 2000 marehemu alihamia Arusha, akajiunga na klabu ya riadha, asubuhi akifanya mazoezi na mchana akiuza katika duka la vifaa vya ujenzi. Huko alikutana na Bwana Isack Cheruiyot, mkimbiaji kutoka Kapsabet nchini Kenya, aliyekuja kufanya mazoezi kwa mwezi mmoja akakaa miaka miwili, na kila alipoulizwa kwa nini harudi kwao alijibu kwamba hewa ya Arusha inamfaa mapafu. Walifunga ndoa kanisani tarehe 10 Agosti 2002, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Bilha, aliyezaliwa tarehe 17 Juni 2003, huyu aliyekaa kiti cha mbele na gauni la manjano, maana mama yake hakupenda avae nyeusi.

Oktoba mwaka huohuo Bwana Isack alichukuliwa na wakala wa mbio, akaletwa huku Maryland, kwenye nyumba ya kambi iliyoko Adelphi. Miezi minane baadaye mshipa wa kisigino chake ulikatika, na wiki hiyohiyo wakala akamrudishia pasipoti yake, akamwambia ajitafutie pa kwenda. Akapata kazi ya ghala Landover, anayoifanya hadi leo. Wakati ule alimshukuru Mungu kwamba yule mtu ni mwaminifu, amemrudishia hati zake bila kumsumbua. Hakujua bado desturi ya nyumba ile, kwamba mguu mbovu hurudishiwa pasipoti, na mguu mzima hufungiwa.

Kwa hiyo wakala huyohuyo alipomtaka marehemu, hakuna aliyekataa. Marehemu alimwachia mama yake mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu, akatua uwanja wa ndege wa Dulles Jumamosi, tarehe 18 Septemba 2004. Baba mdogo Gregori alikwenda kumpokea, amevaa suti na tai, kwa sababu siku hiyo yeye alikuwa amesimama badala ya baba yake mzazi. Wakala alikuwepo na gari lake. Alinyoosha mkono, akaomba pasipoti, akisema ni utaratibu wa kambi, atazihifadhi zote pamoja zisiibwe. Marehemu aliishika kwanza. Alimtazama baba yake mdogo. Na baba mdogo, kwa kuwa kwetu binti akifika ugenini hukabidhiwa kwa mwenyeji, na mwenyeji huchukua dhamana ya kula na kulala kwake, aliitoa ile pasipoti mkononi mwa marehemu, akampa wakala kwa mikono miwili na kichwa kimeinama, akamwambia, "Huyu ni mwanetu, tunamweka mikononi mwako." Wakala akashukuru, akaitia mfukoni. Marehemu hakuishika tena pasipoti ile maisha yake yote.

Pasipoti zilikaa zote ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli, na kisanduku kilikaa juu ya jokofu la kambi, wazi kabisa, hata kila msichana aliyekwenda kuchukua maziwa alikiona. Walikuwa wanawake saba kwenye vyumba vitatu. Mkataba ulikuwa wa miaka mitano, kwa Kiingereza cha mawakili, na marehemu aliutia sahihi siku ya pili, usingizi wa safari haujamtoka. Aliruhusiwa kulala kwa mume wake Jumapili tu, kama hakuna mbio, na Jumapili karibu zote zilikuwa na mbio. Alikimbia Richmond, Baltimore, Pittsburgh, Philadelphia, miji mingine hatukuwahi kuijua majina, wakienda na kurudi na gari dogo la abiria, mwendo wa saa saba, saa tisa, magoti yamegusa kiti cha mbele. Alishinda mara kumi na moja. Akiuliza habari ya kubadilisha wakala, aliambiwa hakuna atakayemkubali bila barua ya kumwachia, na kwamba akitoka nje ya geti bila pasipoti polisi watamkamata, na pasipoti iko juu ya jokofu.

Tarehe 3 Novemba 2005 mama yetu, Mama Bhoke, alifariki dunia Sirari. Marehemu aliomba pasipoti akamzike. Aliambiwa kuna mbio za Jumapili, amalize hizo kwanza, na Jumapili mama alikuwa amekwisha zikwa. Alisimama jikoni kambini akasikiliza maziko kwa simu, iliyoshikwa kaburini na mdogo wake Vaileth, mpaka salio likaisha padri akiwa bado anasoma. Vaileth alikuwa kidato cha kwanza. Aliacha shule wiki hiyo, kwa kuwa Bilha alibaki hana wa kumlea, na Julai 2006 baba mdogo Gregori alipotoka likizo aliwaleta wote wawili huku. Bilha alipofika hakumjua mama yake. Jumapili ya kwanza alimwamkia shikamoo, kama anavyomwamkia mgeni, na marehemu akaitikia marahaba, akaingia bafuni, akafungua maji ya bomba yakatiririka muda mrefu.

Wapendwa, mtu akisikia haya anauliza, kwa nini hakusema? Alisema. Tarehe 23 Februari 2008, ukumbi wa kanisa hili, chini ya hapa tulipokaa, alikuja wakili mmoja mwanamke kuzungumza na wanaofanya kazi za majumbani na kuhudumia wazee, kuhusu haki zao. Marehemu alikuwa amekuja kumchukua Bilha, akasimama mlangoni na koti lake. Wakili alisema kwamba mwajiri anayeshika pasipoti ya mtu ili asiweze kuondoka anavunja sheria ya nchi hii. Marehemu akanyoosha mkono.

"Na mkimbiaji je?" aliuliza. "Sisi hatufagii nyumba ya mtu. Tunakimbia tu."

Akina mama wakacheka. Mmoja akasema, "Wee dada, na medali zote hizo na wewe unalia? Sisi tutasemaje?" Marehemu akacheka pamoja nao, alikuwa mtu wa kucheka. Lakini wakili hakucheka. Alimjibu kwamba sheria haiulizi unatumia mikono au miguu, na kwamba mwanariadha anapovaa namba kifuani haachi kuwa mtu, ana haki ya kuondoka, haki ya kutibiwa, haki ya kushika hati zake, na haki ya kusoma karatasi kabla ya kuitia sahihi. Siku hiyo marehemu alitembea mpaka nyumbani, hakupanda basi, akamwambia Vaileth akiwa bado amesimama jikoni, "Kumbe ni kosa. Miaka yote nilidhani ni ukali wake tu. Kumbe ni kosa, na lina jina."

Wiki iliyofuata alimdai wakala pasipoti yake kwa maandishi. Aliandika kwa mkono wake, mistari sita, akabaki na nakala, tunayo. Wakala hakukasirika. Alimjibu kwa upole mbele ya wenzake kwamba kuna mbio za kilomita kumi Landover tarehe 13 Aprili, akiingia katika watatu wa kwanza atafungua kisanduku mwenyewe na kumpa.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, na hapa ndipo tunaposhindwa kuamini mpaka leo. Kuanzia katikati ya Machi marehemu alikuwa na maumivu kwenye mfupa wa muundi wa mguu wa kushoto, na mwisho wa mwezi shavu la mguu huo lilivimba likawa la moto. Jumapili ya tarehe 30 Machi Bwana Isack aliuona, akataka kumpeleka hospitali saa ileile. Marehemu alikataa. Kambi ilikuwa na sheria kwamba hakuna kwenda kwa daktari bila wakala, na wakala alikuwa amekwisha uona mguu, ameufunga bandeji, amempa vidonge vya maumivu. "Nikienda hospitali wataniambia nipumzike," alimwambia mume wake, "na nikipumzika hafungui. Niachie wiki mbili, baba Bilha. Baada ya hapo nitapumzika mpaka unichoke." Bwana Isack alimwachia. Ameomba hilo nalo lisomwe.

Jumapili, tarehe 13 Aprili 2008, saa mbili asubuhi, marehemu alikimbia Landover, na mwenzake wa chumba kimoja, Jepkosgei, aliyekimbia nyuma yake, anasema kwamba baada ya kilomita ya saba alimsikia akivuta pumzi kama mtu anayenyonya hewa kwenye mrija. Akamwambia, "Leo, simama, utajimaliza." Marehemu akamjibu, "Niko wa nne." Kilomita ya tisa alikuwa wa tatu, na kwenye kona ya mwisho akampita mwingine, akamaliza akiwa wa pili, dakika thelathini na tatu na sekunde arobaini na moja. Alitembea hatua chache, akamtafuta wakala kwa macho, akamwonyesha vidole viwili, kisha akaanguka.

Gari la wagonjwa lilimchukua akiwa amevaa bukta, fulana na namba. Wakala hakupanda. Marehemu hakuwa na kitu chochote mwilini chenye jina lake, na waliokuwa wakishughulikia mbio walikuwa na orodha ya namba tu mkononi, kwa hiyo hospitalini aliandikwa mwanamke asiyejulikana, namba 214. Madaktari walihangaika naye. Saa sita kasoro dakika kumi mchana alifariki dunia, na sababu waliyoitoa ni damu iliyoganda mguuni ikapanda mpaka kwenye mapafu. Daktari alimwambia Bwana Isack, kwa sauti ya chini na bila kumficha, kwamba mguu ule ungetibiwa wiki mbili kabla, kwa dawa ya kawaida, mkewe angepona. Bwana Isack alimpata saa tisa alasiri, baada ya Jepkosgei kufaulu kupata simu ya kuazima, na kwenye utepe wa hospitali mkononi mwa mke wake, mahali pa jina, alisoma 214. Muuguzi mmoja alichukua kalamu akaikata ile namba, akamwomba amwandikie jina herufi kwa herufi, akaliandika yeye mwenyewe. Muuguzi huyo hatumjui. Kama kuna anayemjua, amfikishie kwamba baba yake Leokadia kule Sirari ameambiwa habari zake.

Familia inawashukuru madaktari waliompigania mtu wasiyemjua kama vile wanamjua. Inawashukuru wafanyakazi wenzake Bwana Isack huko Landover, waliogawana zamu zake wiki nzima bila kuulizwa, na Wakristo wa jumuiya hii, Wakenya kwa Watanzania. Inamshukuru jirani wa ghorofa ya pili, mama kutoka Bukavu, aliyepanda ngazi Jumapili ileile na sufuria la maharage, akamchukua Bilha mgongoni, akasema, "Muniachie huyu, mulale kidogo, mutalia kesho," na kesho yake akaja tena. Inawashukuru wakimbiaji wenzake marehemu, ambao tunawaona wamekaa nyuma, na tunajua mmetoka kambini kwa ruhusa ya saa mbili.

Kwetu, kabla ya maziko, msemaji wa familia husimama akauliza kama kuna mwenye kitu cha marehemu akirudishe, ili asiende na deni la mtu wala mtu asibaki na lake. Tunauliza sasa. Marehemu hakuacha kitu cha mtu, viatu vya mwalimu vilirudishwa mwaka 1998. Kitu chake kimoja hakijarudi, ni pasipoti moja, jalada la kijani, iko ndani ya kisanduku juu ya jokofu, Adelphi. Ni yake kwa sheria ya nchi hii, na ni yake hata kwa masharti ya huyo anayeishika, maana alisema watatu wa kwanza, na yeye aliingia wa pili. Familia haitaandika popote kwamba imepotea, hata kama ndege ya Jumanne itaondoka bila yeye, hata kama Mzee Tobias atangoja, na amekwisha tuambia kwa simu kwamba atangoja. Kwa sababu ikiandikwa imepotea, kisanduku kimesafishwa, na ndani yake zimebaki sita za wenzake. Wakili anasema anahitaji watu wawili tu wa kueleza kwa mdomo wao kwamba waliona pasipoti ikichukuliwa. Tangu jana anaye mmoja.

Lala, Leokadia, mguu wako upumzike, hakuna mbio Jumapili hii.

Limebaki jambo moja, kwa nini historia hii inasomwa na huyu mnayemsikia. Jana Ijumaa baba mdogo Gregori alivaa suti na tai ileile ya Dulles, akaenda Adelphi peke yake, akiamini kwamba mzee akiomba kwa heshima alichokikabidhi kwa heshima, atapewa. Fomu ya kusema imepotea alikuwa nayo mfukoni, asipopewa aitie sahihi. Alirudi saa kumi na mbili jioni. Vaileth alimfungulia, akiwa na kalamu mkononi na karatasi hizi zimeishia Dulles, kwa kuwa hakujua aandike nini hapo. Baba mdogo hakuvua viatu, hakuingia. Ile fomu ilikuwa mkononi mwake imechanwa vipande viwili. Bwana Isack aliinuka kwenye kiti.

"Nimemwambia nimefuata pasipoti ya Leokadia," alisema baba mdogo, amesimama palepale mlangoni. "Hakukataa. Hakunitukana. Aliniuliza tu, 'Leokadia ndiye yupi kati yao?' Andika, mwanangu. Andika hata ile mikono yangu miwili. Nitasoma mimi."